Nani Hasa Hulipia Jarida?

Edward Cave alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Rugby, akapata kazi posta mjini London. Magazeti ya mikoani yalipita mikononi mwake, naye akajua kuwa habari zinauzika. Wauza vitabu aliowapelekea wazo la kuyakusanya katika chapisho moja la mwezi walilikataa, kwa hiyo Januari 1731 akalichapa mwenyewe pale St John's Gate: The Gentleman's Magazine, peni sita nakala. Sehemu kubwa ilichotwa kutoka magazeti mengine. Biashara ilipochangamka, wauza vitabu waliungana wakaanzisha London Magazine mwaka 1732.

Kilichomuuzia Cave zaidi ni Bunge. Kuripoti mijadala kulikatazwa, basi kuanzia 1738 akaichapa kana kwamba ni ya nchi ya kubuni ya Lilliput. Mingi iliandikwa na Samuel Johnson, wakati huo kijana asiye na kitu, kwa kutegemea vidokezo alivyoletewa.

Biashara ya namna hii ilimtegemea msomaji, na msomaji ana kikomo. The Spectator ya waandishi Addison na Steele ilipobebeshwa kodi ya stempu mwaka 1712, ilipandisha bei kutoka peni moja hadi mbili, na Desemba ikafungwa. Kule Philadelphia, mwaka 1741, Andrew Bradford alimtangulia Benjamin Franklin kwa siku 3 tu kutoa jarida la kwanza la makoloni ya Uingereza huko Amerika. La Bradford lilidumu miezi 3, la Franklin 6. Wanunuzi walikuwa wachache na wametawanyika.

Hesabu iligeuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Posta ilishusha gharama ya kusafirisha majarida, viwanda vikawa na sabuni na baiskeli za kuuza nchi nzima. Oktoba 1893 Frank Munsey alishusha bei ya jarida lake kutoka senti 25 hadi 10. Kampuni kubwa ya usambazaji haikutaka kumpa bei ya jumla aliyoitaka. Akaizunguka na kuwauzia wenye maduka moja kwa moja. Nakala ikauzwa kwa bei ya kutupa, faida ikatoka kwa wenye matangazo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo msomaji alipoacha kuwa mteja akawa bidhaa.

Mtindo huo una mtego wake, na aliyenaswa vibaya ni Henry Luce. Alipozindua jarida la Life Novemba 1936, mikataba ya matangazo ilipangiwa bei kwa kukadiria nakala 250,000. Ndani ya miezi michache mauzo yakafika milioni moja. Karatasi na wino viliongezeka kila juma, lakini wenye matangazo waliendelea kulipa bei ya mkataba. Kila nakala ya ziada ikawa hasara, na Luce akapoteza mamilioni ya dola kwa sababu jarida lake lilipendwa mno.