Vitabu Visemavyo: Mkono Huona Gizani

Kila askari aliyefunzwa kufungua na kufunga bunduki yake gizani anajua kwamba mkono uliozoezwa huona pale jicho lisipoona. Fundisho hilo ndilo msingi wa vyombo tunavyokusudia kuvieleza leo, yaani mitambo ya kusikilizia vitabu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona na wale ambao viungo vyao vimedhoofika.

Miongoni mwa walioifungua njia hii alikuwamo askari. Mwaka 1916, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa, Ian Fraser, ofisa wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18, alipigwa risasi akapofuka macho yote mawili. Alipokewa St Dunstan's, nyumba ya askari waliopofuka iliyoanzishwa London mwaka 1915 na Arthur Pearson, mwenye magazeti ambaye naye alikuwa amepoteza uwezo wa kuona. Tangu mwaka 1921 Fraser ndiye aliyeiongoza. Askari wengi waliopofuka ukubwani walipata taabu kujifunza maandishi ya nukta nundu, hivyo iliwalazimu kungoja mtu wa kuwasomea.

Santuri za kawaida za siku zile zilicheza dakika 4 au 5 tu kila upande. Mafundi walipunguza mwendo hadi mizunguko 24 kwa dakika, na upande mmoja ukatoa kiasi cha dakika 25 za masomo. Riwaya nzima ikaenea katika sahani kama 10. Mwaka 1935 vitabu hivyo vilianza kupelekwa kwa wasomaji wa Uingereza. Huko Marekani, mwaka 1966, sheria iliruhusu huduma ya namna hiyo iwafikie pia wasioweza kushika kitabu wala kufunua kurasa.

Baada ya santuri zikaja kaseti, na mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kugawa mtambo mpya. Vitufe vyake ni vikubwa na vina maumbo mbalimbali, ili kidole kitambue cha kuanzisha na cha kurudisha nyuma. Mtambo ukiwa umezimwa, kitufe kikibonyezwa hutaja kazi yake. Kasha dogo linalobeba kitabu lina tundu la kuingiza kidole, ili hata mkono dhaifu uweze kulichomoa. Asiyeweza kutumia mikono kabisa huweza kupata swichi inayoendeshwa kwa pumzi.

Huenda mtu akauliza: je, majeruhi hana mke au mtoto wa kumsomea? Anao, nao humsomea kwa mapenzi. Lakini mtu aliyezoea kutimiza wajibu wake mwenyewe huona uzito kuomba ukurasa mmoja urudiwe mara tatu, au kumwamsha mwenziwe usiku wa manane usingizi ukimruka. Kitufe kimoja humrudishia mamlaka ya kuamua asome nini, lini na kwa mwendo gani. Hiyo si sadaka, bali ni heshima yake.

Nchi zetu nazo zimekwisha kuchukua hatua. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaorahisisha kunakili vitabu kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, ulikubaliwa na Kenya mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Lakini mkataba peke yake hausomi kitabu. Lazima wapatikane watu wa kusoma na kunasa vitabu vya Kiswahili, na vyombo vya kuvisikilizia.

Kwa hiyo, tunapochanga fedha za kumnunulia zawadi mwenzetu aliyeumia kazini, tusichague chombo kwa kupendezwa na sura yake. Tufumbe macho kwanza, tukipapase, tukiwashe na kukizima. Ikiwa ni simu, tumwashie ile programu isomayo kwa sauti yaliyo kwenye kioo, kisha tukae naye mpaka aizoee. Kikitushinda sisi wenye macho, tusimpelekee yeye.