Fahamu: Maumivu ya viungo na sonona kwa waliopona Ebola Beni na Butembo

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 karibu na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha ukafika Butembo, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 ukiwa umeua watu 2,287, lakini miongoni mwa 1,171 waliopona wapo waliobaki na maumivu ya viungo, uchovu, usahaulifu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha.

Utafiti wa Liberia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asilimia 47.5 ya manusura wa Ebola waliumwa viungo, ikilinganishwa na asilimia 17.5 ya watu wao wa karibu ambao hawakuugua. Maelezo mojawapo ni inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta joto, uvimbe na maumivu. Kinga hiyo hutoa saitokini, protini ndogo zinazopeleka taarifa kati ya seli, ambazo huweza kuathiri ubongo na kuvuruga usingizi, hamu ya kula na furaha. Jambo hilo huonekana pia katika baridi yabisi ya rumatoidi, ambapo kinga hushambulia utando wa viungo na sonona huwapata wagonjwa wengi kuliko watu wengine, ingawa maumivu ya manusura si lazima yawe ugonjwa huo.

Hata hivyo, ni kosa kubwa kuzibebesha saitokini pekee huzuni ya Beni, mahali ambapo manusura amezika ndugu, ametengwa na majirani na bado analala akihofia mauaji ya kundi la waasi la ADF; ndiyo maana ufuatiliaji wa manusura uliunganisha vipimo vya mwili na msaada wa kisaikolojia.