Mchumba Rubani, Kazi Hana?

Wengi tunadhani ukishapata leseni ya urubani, shati jeupe na miwani ya jua vinakuja vyenyewe. Thubutu! Rafiki yangu mmoja ana mchumba aliyemaliza mafunzo, deni la ada linamsubiri, na kila shirika analopiga hodi linamuuliza swali lilelile: una masaa mangapi?

Hapo ndipo penye ishu. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kurusha ndege kwa malipo unaipata na masaa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Marekani wengi wanatakiwa wawe na 250. Lakini tangu mwaka 2013, mashirika ya abiria ya huko yanataka kwa kawaida masaa 1,500. Hayo yaliyobaki kijana atayatoa wapi?

Njia moja ni kuwapandisha angani watu wanaoruka kwa parachuti. Mchezo huu upo hata hapa jirani, Diani, pwani ya Kenya. Marekani ndiyo usiseme, na marubani wengi wachanga huanzia humo. Kwenye Cessna 182 unapakia warukaji wanne, unapanda mpaka futi 10,000 hivi, wanaruka, unashuka, unapakia wengine. Siku ikiwa na hewa nzuri, masaa yanajaa fasta.

Usikae nyumbani kusubiri tangazo. Nenda kiwanjani mwenyewe, wikiendi, watu wakiwepo. Jitambulishe, saidia kazi ndogo ndogo, rudi tena wiki ijayo. Mwenye ndege anataka kukufahamu kabla hajakukabidhi funguo. Na uwe umeshaizoea aina ya ndege wanayotumia.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mwenye njaa ya masaa husema ndiyo kwa kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 21 Juni 2019, kule Hawaii, ndege ya warukaji ilianguka mara tu baada ya kupaa. Watu wote 11 walikufa. Wachunguzi walisema rubani aliipaisha kwa ukali mno, mabawa yakashindwa kuibeba. Tena uzito ulikuwa umelalia nyuma, na bawa la kushoto lilikuwa limepinda.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, omba kuona kumbukumbu za matengenezo. Piga hesabu ya uzito kila safari, maana warukaji wakisogea mlangoni kwa pamoja, ndege inalemewa mkiani. Bosi akinuna kwa sababu umeuliza, hiyo si kazi, ni mtego.

Na wewe mwenzi wake? Jumamosi na Jumapili zako zimekwenda, harusi nyingi utahudhuria peke yako, na malipo ya kuanzia si ya kujivunia. Kaeni mlizungumze mapema. Halafu siku akirudi akakwambia, "Leo nimekataa kurusha ile ndege," tafadhali, swali lako la kwanza lisiwe, "Sasa tutakula nini?"