Ugomvi wa chipu ulivyoshusha bei ya simu

KATIKATI ya mwaka 2013, Anand Chandrasekher, mkuu wa masoko wa kampuni ya Qualcomm ya Marekani, aliulizwa kuhusu chipu ya simu yenye viini vinane iliyokuwa ikiandaliwa na washindani wao, MediaTek ya Taiwan. Alijibu kuwa huo ni ujinga: huwezi kuunganisha injini nane za mashine ya kukatia nyasi ukadai umepata Ferrari.

Februari 2014 Qualcomm ikatangaza chipu yake, Snapdragon 615. Ilikuwa na viini vinane.

Kiini ni sehemu ya chipu inayofanya hesabu za simu. Kwa kweli bwana yule hakukosea sana, kwani viini vyote vinane vya MediaTek vilikuwa vidogo, na programu nyingi za wakati ule hazikuweza kuvitumia kwa pamoja. Lakini mnunuzi huhesabu, na nane ni zaidi ya nne.

Kilichoitisha Qualcomm zaidi ni bei. MediaTek ilikuwa ikiuza chipu pamoja na programu na mchoro wa simu nzima, kiasi kwamba hata kiwanda kidogo cha Shenzhen, China, chenye mafundi wachache, kingeweza kuingiza simu sokoni. Mwaka huo huo wa 2013 Xiaomi ilitoa Hongmi, yenye chipu ya MediaTek ya viini vinne, kwa yuan 799. iPhone 5 ilikuwa imeanza kuuzwa China kwa yuan 5,288.

Qualcomm nayo ikalazimika kutoa michoro ya aina hiyo na kushuka kwenye soko la simu za bei nafuu. Wengine walishindwa. Texas Instruments iliachana na chipu za simu 2012, na Intel, pamoja na fedha zake zote, ikafuata 2016. Katika robo ya tatu ya 2020, kampuni ya utafiti ya Counterpoint ilikadiria kuwa MediaTek ilishika asilimia 31 ya soko la dunia, na Qualcomm asilimia 29.

Matunda ya ugomvi huo yamefika hadi Kariakoo, ambako simu nyingi za Tecno na Infinix zina chipu za MediaTek. Tatizo ni kwamba muuzaji bado anakuhesabia viini. Helio G37 na Helio G99 zote zina vinane. Ya kwanza ina vinane vidogo aina ya A53, muundo uliotangazwa na kampuni ya Arm mwaka 2012. Ya pili ina viwili vikubwa aina ya A76, na sita vidogo vya kusaidia kazi nyepesi na kutunza chaji.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, uliza jina la chipu. Muuzaji akisema hajui, fungua simu, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu. Mara nyingi huandikwa humo.