Masimulizi ya Mfululizo Katika Michezo ya Video: Fanani, Hadhira na Uteuzi

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kueleza aina moja ya masimulizi ambayo wanafunzi wetu wa fasihi huenda wanaifahamu vizuri kuliko walimu wao. Nayo ni michezo ya video isimuliayo hadithi, hasa ile itolewayo sura moja moja na watunzi huru. Kwa "watunzi huru" tuna maana ya mtu mmoja, au kikundi kidogo cha watu, watungao mchezo kwa fedha zao au kwa michango ya wapenzi wa kazi zao bila ya kuagizwa na kampuni kubwa. Swali tulilo nalo ni la mtu wa kawaida: katika maelfu ya michezo iliyopo, autambuaje ule unaostahili saa zake na shilingi zake? Yamkini msomaji ataliona swali hili kuwa jepesi mno kwa jarida la idara ya lugha. Tunamwomba asubiri.

Atembeaye mitaa ya Eldoret jioni hakosi kuviona vibanda vya pleisteshoni, ambamo vijana hulipa fedha kidogo kwa kila mchezo wa kandanda. Kwa wazee wengi, na kwa wanataaluma si haba, hiyo ndiyo michezo ya video: mpira, bunduki na magari yaendayo kasi. Nami nilikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka jioni moja ya masika nilipokimbilia mvua katika chumba cha wanafunzi. Palikuwa na kipakatalishi kimoja na vijana sita. Mmoja alikuwa ameshika pedi ya kuchezea, na watano waliobaki walikuwa wakimwamrisha. "Usimjibu hivyo!" akasema mmoja. "Atakuacha!" akadakia wa pili. "Mwache amalize kusema kwanza," akakemea wa tatu. Hapakuwa na bunduki wala mpira. Palikuwa na mtu na mbwa wake wakitafuta njia usiku, na mazungumzo marefu. Nilisimama mlangoni, nguo zikitiririka maji, nikatambua kwamba nilichokuwa nikikitazama nimekuwa nikikifundisha kwa miaka mingi kwa jina la utendaji: fanani mmoja, hadhira iitikiayo, na hadithi iliyo baina yao. Tofauti ni kwamba fanani alikuwa hayumo chumbani.

MFULULIZO SI JAMBO GENI

Kuikata hadithi mahali pa taharuki na kumwacha msikilizaji akiingoja ni mbinu kongwe. Alfu Lela Ulela imejengwa juu yake: mwanamke anaahirisha kifo chake kwa kuahirisha mwisho wa hadithi. Charles Dickens aliuza riwaya yake ya kwanza kwa sehemu za kila mwezi kuanzia mwaka 1836. Hapa kwetu redio ndiyo iliyoieneza mbinu hii. Mchezo wa "Ushikwapo Shikamana" ulianza kutangazwa nchini Kenya mwaka 1987, na "Twende na Wakati" ukaanza katika Redio Tanzania mwaka 1993. Watu walijadiliana matatuni na masokoni kuhusu yatakayotokea wiki ijayo kana kwamba wahusika ni majirani zao.

Mchezo wa video umeongeza jambo moja tu katika urithi huo, lakini ni jambo zito. Msikilizaji wa redio hulalamika, ilhali mchezaji hutenda. Mhusika akiulizwa swali, ni mchezaji achaguaye jibu, na hadithi haisongi mbele mpaka achague. Hatuna budi kulishika jambo hili, kwa kuwa ndilo kipimo chetu katika sehemu zifuatazo.

Mfululizo una hatari yake pia, na mnunuzi yampasa aijue mapema. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani iitwayo Telltale Games ilitoa "The Walking Dead" kwa sehemu tano. Ulisimulia juu ya Lee, mtu aliyehukumiwa kwa mauaji, na mtoto Clementine anayejikuta chini ya ulinzi wake. Telltale haikuwa ndogo kama watunzi tuwazungumziao, lakini ndiyo iliyowafundisha watu wengi kucheza kwa sehemu. Mnamo Septemba 2018 iliwafukuza takriban wafanyakazi wake wote ilhali msimu wa mwisho wa hadithi hiyo hiyo ulikuwa umefikia sehemu ya pili kati ya nne. Watu walikuwa wameshalipia sehemu zote. Kampuni nyingine, Skybound, iliinusuru kazi hiyo ikamalizika Machi 2019. Hao walikuwa na bahati. Kwa hiyo tunashauri bila ya kusita: mwanafunzi mwenye fedha chache asinunue ahadi. Anunue sura zilizokwisha kutoka, na azihesabu hizo tu kuwa ndizo mchezo.

MICHEZO MITATU

Mchezo niliouona usiku ule wa mvua unaitwa "Kentucky Route Zero". Watungaji wake walikuwa watatu: Jake Elliott, Tamas Kemenczy na mwanamuziki Ben Babbitt. Tendo la kwanza lilitoka Januari 2013 na la tano Januari 2020. Kwa maneno mengine, aliyeanza na watunzi hawa alingoja miaka 7 kufika mwisho. Conway, dereva wa duka la vitu vya kale, ana mzigo mmoja wa mwisho wa kupeleka kwa anwani asiyoijua mtu, na njia yake yapita chini ya ardhi. Akiwa njiani anakutana na fundi wa televisheni, na mtoto ambaye nduguye ni tai mkubwa. Juu ya hayo yote limelala deni. Watu wa mchezo huu wanadaiwa na hospitali, na kampuni ya umeme, na kiwanda cha pombe, na madeni hayo yanawala mwili kwa maana halisi kabisa.

Jambo la kushangaza ni kwamba majibu achaguayo mchezaji hayabadilishi mwisho. Wahakiki wengine huliona hilo kuwa kasoro, nami sikubaliani nao. Kila msikilizaji wa hadithi ya Fumo Liongo anajua tangu mwanzo kwamba shujaa atachomwa sindano ya shaba kitovuni. Hasikilizi ili ajue kama Liongo atakufa, husikiliza namna. Vivyo hivyo Conway: mchezaji hachagui kwamba ataangamia au ataokoka. Anachagua ni mtu wa namna gani huyu anayeangamia. Mbwa wake ana jina gani, anayakumbuka yapi, anayanyamazia yapi. Hiyo ni kazi ya fanani, naye amekabidhiwa mchezaji.

Wa pili ni "Deltarune" wa Toby Fox, ambaye "Undertale" yake ya 2015 ilimpa sifa duniani. Sura ya kwanza ilitolewa bure Oktoba 2018, ya pili bure vile vile mwaka 2021, na ya tatu na ya nne zikauzwa Juni 2025. Jumla iliyokusudiwa ni saba. Mwanzoni mwake mchezaji anatengeneza mtu kwa uangalifu, uso, nywele na tabia, kisha kazi yake yote inatupwa na kuambiwa kuwa hapa hakuna achaguaye awe nani. Sijui riwaya nyingi zenye ufunguzi wa kikatili hivyo. Adui naye anaweza kusamehewa badala ya kupigwa, na aghalabu kusamehe kunahitaji subira zaidi kuliko kupiga. Kwa mwenye mfuko mtupu huu ndio mlango wa kuingilia: sura mbili za kwanza hazilipiwi, nazo ni nyingi za kutosha kumwezesha kuamua.

Wa tatu unachezwa kwa simu. "Bury me, my Love" ulitolewa mwaka 2017 na kikundi cha Kifaransa The Pixel Hunt, na jina lake ni tafsiri ya neno la mapenzi la Kiarabu. Nour anaikimbia Syria kuelekea Ulaya. Mumewe Majd amebaki Homs, na mchezaji ndiye Majd. Hakuna picha za vita. Kuna ujumbe wa simu tu, kama ule tuuandikiao jamaa zetu, na Nour akiwa baharini simu hunyamaza kwa saa nyingi za kweli. Mchezaji anakwenda kazini, anapika, anatazama simu. Mfululizo hapa haukukatwa na mchapishaji, umekatwa na bahari. Mchezo una miisho 19, na mingi si ya furaha. Kwetu tulio katika njia iendayo Kitale na Lodwar hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1992, si hadithi ya mbali.

KISWAHILI KINAPOSEMA

Sasa tuufikie mchezo utuhusuo zaidi sisi watu wa lugha, ijapokuwa haukutolewa kwa sehemu. Aprili 2024 kikundi cha Surgent Studios cha Uingereza kilitoa "Tales of Kenzera: Zau". Mwanzilishi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Kiingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na babake, na mchezo ni maombolezo yake. Fedha za uchapishaji zilitoka kwa kampuni kubwa ya Electronic Arts, kwa hiyo uhuru wake una mipaka, lakini kikundi kilikuwa kidogo na sauti ni ya mtu mmoja. Mchezaji anaweza kuuchagua uzungumze Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti za waigizaji. Sijui mwingine wa kiwango hicho uliopata kufanya hivyo.

Hadithi ina hadithi ndani yake. Zuberi, kijana wa mji uitwao Amani, amefiwa, na babake amemwachia kitabu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana anayepatana na Kalunga, mwenye mamlaka juu ya mauti: atamletea pepo wakubwa watatu, naye arudishiwe baba. Kila nchi anayoipita ni hatua ya msiba. Mwenye kuzika mzazi ataelewa upesi kwa nini Zau anakimbia sana na kupumzika kidogo, na kwa nini chini ya mibuyu kuna mahali pa kukaa tu na kusema.

Hata hivyo mhakiki hana budi kunena. Mchezo ulitangazwa kuwa umechota katika masimulizi ya Kibantu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu, hapana ubishi. Lakini GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, na Kikiyaon ni wa Wabambara wa Afrika Magharibi. Mtunzi ana haki ya kuchanganya. Waswahili wa pwani walichanganya Uajemi na Uarabuni na bara, wakapata utenzi. Kosa ni la kibandiko kilichobandikwa juu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi asikitumie kibandiko hicho katika insha yake.

Zau hakuwa wa kwanza kutoka upande wetu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa "The Adventures of Nyangi", kisha mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, ambayo iliwaingiza mashujaa wa masimulizi ya Kiafrika katika vitabu vya picha na michezo ya simu.

NAMNA YA KUTAFUTA

Duka la itch.io, lililofunguliwa katika intaneti mwaka 2013, limejaa kazi za watunzi huru, nyingine za bure, nyingine kwa bei aipendayo mnunuzi. Kuna takataka nyingi, lakini mchezo mzima humalizika kwa nusu saa, hivyo hasara si kubwa. Duka la Steam tangu Juni 2015 hurudisha fedha ikiwa mnunuzi ameomba katika siku 14 na hajacheza saa 2. Saa mbili zatosha kupima ufunguzi wa hadithi yoyote. Sifa za matangazo zisimshughulishe mtu, seuze hesabu ya miisho. Ajiulize jambo moja: nilipochagua jibu, nilisita? Aliyesita ameguswa. Asiyesita amebonyeza kitufe tu, hata kama mchezo una miisho mia.

Na acheze mbele ya watu ikiwezekana. Michezo hii imetungwa kwa mtu mmoja chumbani mwake, lakini uhaba wa mashine umetufanyia hisani ambayo watungaji hawakuikusudia.

Mmoja wa vijana sita wa usiku ule amenijia tangu hapo na daftari. Anataka kutunga mchezo wa sura nne kwa Kiswahili, juu ya chemosit, zimwi la Wanandi lenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Sura ya kwanza ameimaliza kwa maandishi. Mtoto anaiona taa mbali msituni, na mchezaji anaulizwa kama aifuate au arudi. Nilimwambia hilo si swali, kwa kuwa kila aliyekulia huku anajua taa ile ni nini na atarudi. Akafikiri kidogo, akasema basi mdogo wake yule mtoto awe ametangulia mbele. Anaiandika upya.