Je, Wajua? Kiboko Akiguna, Ufukweni Unasikia Nusu Tu

Kiboko wa Ziwa Naivasha akiinua pua na macho huku koo limezama, mguno wake hutoka pande mbili kwa mpigo: hewani kupitia puani, majini kupitia mafuta ya kooni. Aliyeligundua hilo ni William Barklow, mtafiti wa Marekani aliyewasikiliza viboko nchini Tanzania. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hiyo kiboko wa mbali hupata habari kabla yako wewe uliyesimama nchi kavu. Atakaye mazungumzo yote huzamisha maikrofoni ya majini, tena akiwa na nahodha anayejua viboko wamelala wapi.

Wanajuana kwa sauti pia. Mwaka 2022, mtafiti Nicolas Mathevon na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao la Msumbiji: walirekodi viboko, kisha wakawapigia wengine sauti hizo kwa spika. Sauti ya jirani haikuwachafua sana roho. Ya mgeni ilijibiwa kwa mavi yaliyotawanywa kwa mkia! Mtangazaji gani wa redio amewahi kujibiwa hivyo?

Kazi ya kurekodi sauti za wanyama ni ya zamani. Mwaka 1889, huko Ujerumani, Ludwig Koch, mtoto wa miaka 8, alinasa sauti ya ndege wake wa kufugwa kwenye silinda ya nta. Kwetu Kenya, afisa wa kikoloni Myles North alirekodi ndege wa porini, na mwaka 1958 ikatoka santuri yake, Voices of African Birds.

Adui wa mrekodi ni upepo, ndiyo maana maikrofoni za nje huvishwa manyoya. Afadhali alfajiri: upepo umetulia, na hewa ya baridi iliyolala juu ya maji huipinda sauti irudi chini, ikafika mbali. Ubaya ni kwamba honi za matatu nazo hufika.

Ukiingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru kuwasikiliza heroe na furukombe, usishuke garini ila paliporuhusiwa. Zima injini, shusha kioo, rekodi hata kwa simu, na mwishoni taja kwa sauti mahali, tarehe na saa. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa 2005, hupokea sauti za ndege kutoka kwa yeyote, wapelekee zako.