Rinda Si Pindo: Istilahi za Mavazi ya Wanawake wa Ufaransa

Mwalimu mmoja wa ushonaji mkoani Shinyanga ametuletea swali. Alikuwa akiwatafsiria wanafunzi wake somo la historia ya mavazi ya wanawake wa Ufaransa, na chini ya picha ya sketi pana akaandika "mapindo". Mwanafunzi mmoja akakata kitenge kwa kipimo cha kiuno, akakunja na kushona kingo zake. Badala ya sketi pana akapata sketi ya kubana, na kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Mwalimu auliza: neno gani lingefaa?

Wafaransa walitambua mapema kwamba picha ya vazi haijitoshelezi. Jarida la Le Mercure galant, lililoanzishwa mwaka 1672, lilichapa mwaka 1678 picha za mavazi pamoja na maelezo ya sehemu zake. Mwaka 1785 likafuata Cabinet des Modes, lenye picha zilizotiwa rangi kwa mkono. Kwa njia hiyo fundi aliye mbali na Paris aliweza kushona vazi asilopata kuliona. Picha ilimwonyesha umbo; maneno yalimweleza jinsi umbo hilo lilivyopatikana.

Nasi maneno tunayo, ila yataka kutofautishwa. Pindo ni ukingo uliokunjwa ukashonwa. Tena ni mapambo yanayozunguka mji wa kanga. Rinda ni kitambaa kilichokusanywa kwa mikunjo ili nguo ipanuke. Pindo halipanui nguo. Marinda hudai kitambaa kikubwa kuliko kiuno chenyewe. Fundi cherehani yeyote wa barazani mjini Shinyanga aijua tofauti hiyo, naye ndiye wa kuulizwa kabla ya kamusi.

Tofauti hiyo yaeleza historia pia. Christian Dior alipoonyesha mavazi yake mwezi Februari 1947, sketi zake zilitumia kitambaa kingi mno, na watu waliokuwa bado wakigawiwa nguo kwa kipimo baada ya vita walinung'unika. Msomaji akiambiwa "mapindo" hataelewa kilichowaudhi; akiambiwa "marinda" ataelewa mara moja.

Kwa vazi tusilokuwa nalo hatuna budi kutazama kazi yake kabla ya jina lake. Krinolini hapo mwanzo ilikuwa kitambaa kigumu kilichofumwa kwa singa za farasi, na neno la Kifaransa "crin", lenye maana ya singa, ndilo asili ya jina hilo. Katika miaka ya 1850 jina likahamia kwenye vazi la ndani lenye pete za chuma, lililotanua sketi. Twapendekeza kitambaa kiitwe "krinolini", na vazi hilo "gagulo la pete", kwa kuwa gagulo ni neno lililokwisha kuzoeleka. Vazi la kukaza kiuno kwa kamba na vijiti vigumu twapendekeza liitwe "kibanakiuno".

Mwalimu wetu, basi, aandike "marinda". Na kila mfasiri anayetia maneno chini ya picha yafaa ajiulize: je, mtu mwenye mkasi mkononi akiyasoma maneno haya, atakata sawasawa? Wasomaji wenye majina bora kuliko haya tuliyopendekeza wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika.